Kusafisha picha za simu: namna ya kuzituma kwa imeili na kuchagua saizi bila kupoteza ubora

Picha inayoonekana safi kwenye simu inaweza kutoka na ukungu ikifika kwenye karatasi. Mara nyingi kosa si la mashine ya studio wala la simu iliyoipiga. Tatizo hutokea katikati: picha imepunguzwa njiani wakati wa kutumwa, kisha ikachapwa kwa saizi isiyoiweza.

Kwa picha ya kawaida, hasara yake ni hela ya karatasi tu. Lakini kuna picha ambazo hazina nafasi ya pili: picha pekee ya marehemu inayotakiwa kwenye fremu kabla ya maziko ya kesho, picha ya harusi ya wazazi, au pasipoti saizi ya maombi ya viza ambayo dirisha lake linafungwa leo jioni.

Habari njema ni kwamba kazi yote inaweza kufanyika kwenye simu kwa dakika chache. Inatakiwa kujua mambo matatu: picha ina pikseli ngapi, karatasi inataka pikseli ngapi, na ni njia ipi ya kutuma isiyoigusa picha.

Pikseli ndizo mtaji wa picha

Picha ya kidijitali ni mkusanyiko wa vidoti vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Simu inayopiga picha ya megapikseli 12 hutoa picha yenye takriban pikseli 4000 kwa upande mrefu na 3000 kwa upande mfupi. Ukizidisha unapata milioni 12.

Simu nyingi zinazotangazwa kuwa na megapikseli 50 nazo huhifadhi picha ya takriban megapikseli 12 kwa kawaida, kwa kuunganisha pikseli nne kuwa moja. Hilo si tatizo. Megapikseli 12 zinatosha kabisa kwa karatasi ya A4, na hata A3.

Kuangalia idadi ya pikseli ni rahisi. Fungua picha kwenye galari, kisha ivute kwenda juu kwa kidole au gusa alama ya herufi "i". Simu itaonyesha tarehe, uzito wa faili na vipimo, kwa mfano 4000 × 3000.

Uzito wa faili, yaani MB, si kipimo kizuri cha ubora peke yake. Picha ya ukuta mweupe huwa nyepesi kuliko picha ya soko lenye watu wengi, hata kama zote zina pikseli sawa. Cha kuangalia kwanza ni pikseli.

Njiani ndiko picha inakopungua

Mitandao ya kijamii na programu za ujumbe hubana picha ili zifike haraka na zisimalize bando. Kwa kuitazama kwenye simu, tofauti haionekani. Kwenye karatasi ndiko inakojitokeza.

Picha ya kawaida iliyotumwa WhatsApp hubaki na takriban pikseli 1600 upande mrefu, hata kama ilikuwa na 4000. Chaguo la HD, lililoanza Agosti 2023, hubakiza pikseli nyingi zaidi, lakini bado faili hubanwa. Telegram hushusha picha ya kawaida hadi takriban pikseli 1280. Instagram huonyesha picha kwa upana wa pikseli 1080.

Picha ya wasifu, ile ya duara iliyo karibu na jina la mtu kwenye WhatsApp, ni ndogo zaidi. Kwa kawaida haizidi pikseli 640 kila upande. Hiyo inatosha karatasi ya inchi mbili tu.

Skrinishoti nayo huwapotosha wengi. Mtu anaona picha nzuri kwenye "status" ya rafiki, anapiga skrinishoti na kuipeleka studio. Alichonasa si picha yenyewe, ni kioo cha simu yake. Picha inakuwa imepungua mara mbili: kwanza ilipopandishwa, kisha iliponaswa.

Pia kila picha inaposhushwa, ikahifadhiwa na kutumwa upya kama picha ya kawaida, inaweza kubanwa tena. Picha iliyozunguka kwenye makundi matatu ya familia si ile iliyotoka kwenye kamera.

Kwa hiyo kabla ya kwenda studio, swali la kwanza ni: nani aliipiga hii picha? Huyo ndiye mwenye faili asilia. Simu moja ya kumwomba inaweza kuokoa kazi yote.

Saizi za karatasi na pikseli zinazohitajika

Studio hutumia saizi maalumu za karatasi, nyingi zikitajwa kwa inchi. Kiwango kinachotumika sana kwa uchapaji mzuri ni pikseli 300 kwa kila inchi moja ya karatasi. Mafundi hukiita DPI 300.

Kwa kiwango hicho, mahitaji ni haya:

• 3.5 × 5 (sentimita 9 kwa 13): pikseli 1050 × 1500
• 4 × 6 (sentimita 10 kwa 15): pikseli 1200 × 1800
• 5 × 7 (sentimita 13 kwa 18): pikseli 1500 × 2100
• 6 × 8 (sentimita 15 kwa 20): pikseli 1800 × 2400
• 8 × 10 (sentimita 20 kwa 25): pikseli 2400 × 3000
• 8 × 12 (sentimita 20 kwa 30): pikseli 2400 × 3600
• A4 (sentimita 21 kwa 29.7): pikseli 2480 × 3508
• 12 × 18 (sentimita 30 kwa 45): pikseli 3600 × 5400
• A3 (sentimita 29.7 kwa 42): pikseli 3508 × 4961

Si lazima kufikia 300 kila mara. Pikseli 200 kwa inchi bado hutoa picha nzuri, hasa kwa saizi kubwa zinazotazamwa kwa mbali kidogo. Hiyo ni theluthi mbili ya namba zilizo hapo juu. Kwa picha ya ukutani au ya kubebwa mbele ya msafara, hata 150 huvumilika. Chini ya 100, nywele, macho na maandishi huanza kuyeyuka.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: gawanya pikseli za upande mrefu kwa inchi za upande mrefu wa karatasi. Picha ya pikseli 4000 kwenye karatasi ya 4 × 6 inatoa zaidi ya 600 kwa inchi, ziada tupu. Kwenye A3 inatoa kama 240, bado safi. Picha ya WhatsApp ya pikseli 1600 kwenye 4 × 6 inatoa kama 266, inafaa. Kwenye A4 inashuka hadi 137, na kwenye A3 haifiki 100.

Ndiyo maana picha ya WhatsApp ikisafishwa ndogo hutoka vizuri, na mtu akadhani itakuwa hivyo hivyo ikikuzwa.

Jambo jingine: fundi akisema "picha hii ni DPI 72", usiogope. Namba hiyo ni maandishi tu ndani ya faili. Kuibadilisha iwe 300 bila kuongeza pikseli hakubadilishi chochote. Picha ya pikseli 4000 ni ya pikseli 4000, iwe imeandikwa 72 au 300.

Mfano: picha ya marehemu kutoka picha ya pamoja

Hali hii hutokea kwenye misiba mingi. Familia haina picha ya karibuni ya marehemu akiwa peke yake. Iliyopo ni ya sherehe, amesimama na watu wengine sita. Inabidi akatwe yeye tu, uso na mabega, awekwe kwenye fremu na kwenye kijitabu cha wasifu.

Tuseme sehemu yenye marehemu inachukua robo ya upana wa picha nzima.

Kwenye picha ya WhatsApp yenye pikseli 1600 kwa 1200, robo hiyo ni pikseli 400. Ikichapwa 5 × 7, karatasi yenye upana wa inchi 5, inapata pikseli 80 kwa inchi. Itatoka na ukungu. Ikipelekwa A4, inabaki na chini ya 50, na uso unakuwa madoa.

Kwenye faili asilia yenye pikseli 4000 kwa 3000, robo hiyo hiyo ni pikseli 1000. Ikichapwa 5 × 7 inapata 200 kwa inchi. Macho yataonekana, tabasamu litaonekana, na fremu itapendeza mezani.

Picha ni ileile, siku ileile, kamera ileile. Kilichotofautisha ni njia iliyotumika kuituma.

Faili asilia ikikosekana kabisa, ni busara kupunguza saizi ya karatasi. Picha ndogo iliyo safi ndani ya fremu yenye ukingo mpana mweupe huheshimika kuliko picha kubwa yenye ukungu.

Wengine hukimbilia programu za akili bandia zinazodai kusafisha na kukuza picha. Zipo zinazosaidia, lakini zinapokuza uso wenye pikseli chache hazirudishi kilichopotea, bali hukisia. Huweza kubadilisha jicho, meno au umbo la kidevu. Kwa picha ya marehemu, mwonyeshe kwanza mtu aliyemjua vizuri kabla ya kuchapa. Kuna familia inayoweza kusema: huyu si mama.

Kwa nini picha hukatwa vichwa

Malalamiko mengine ya kawaida ni picha kurudi na vichwa au miguu imekatwa. Chanzo ni umbo la karatasi.

Kamera nyingi za simu hutoa picha ya uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 4 × 6 ina uwiano wa 3 kwa 2, umbo lililorithiwa kutoka filamu ya milimita 35, ambayo kipande chake kimoja ni milimita 36 kwa 24. Maumbo hayo mawili hayalingani.

Picha ya 4000 × 3000 ikijazwa kwenye 4 × 6, mashine hulazimika kubakiza 4000 × 2667. Sehemu moja kati ya tisa ya upande mfupi inaondoka. Kwenye 8 × 10 hali ni kinyume: zinapotea pembeni, kwenye upande mrefu.

Asiyetaka kukatwa kitu ana njia tatu:

• Kuchagua 6 × 8, ambayo ina uwiano uleule wa 4 kwa 3.
• Kumwambia fundi aingize picha yote na kuacha mpaka mweupe.
• Kukata mwenyewe kwenye simu kabla ya kutuma, ili aamue kipi kibaki.

Kukata mwenyewe ndiyo njia ya uhakika. Kwenye galari, gusa alama ya kuhariri, kisha ya kukata, na uchague uwiano: 3:2 kwa 4 × 6 na 8 × 12, 7:5 kwa 5 × 7, au 5:4 kwa 8 × 10. Sogeza hadi watu wote wawe ndani. Ukimaliza, hifadhi kama kopi, usifute ya mwanzo.

Acha nafasi kidogo kuzunguka watu. Mashine nyingi zinapochapa bila mpaka hunyofoa milimita chache za ukingo. Kichwa kinachogusa ukingo wa kioo kitapungua.

Mwanga nao una lake. Kioo cha simu huwaka chenyewe, karatasi haiwaki. Picha iliyo na giza kidogo kwenye simu hutoka na giza zaidi kwenye karatasi. Ongeza mwanga kidogo, hasa kwa nyuso zilizopigwa ndani au jioni. Usizidishe, kwa sababu shela au kanzu nyeupe ikishapoteza mikunjo yake haitarudi.

Hatua za kutuma kwa imeili

Barua pepe ina faida moja kubwa: ikiambatishwa vizuri, picha hufika kama ilivyoondoka. Haipunguzwi.

1. Uliza studio anwani yao ya barua pepe na uiandike herufi kwa herufi. Nukta moja ikikosewa, picha za familia zinaweza kwenda kwa mtu mwingine.

2. Fungua Gmail au programu nyingine ya barua, anza ujumbe mpya, gusa alama ya kibanio cha karatasi na uchague picha.

3. Kwenye iPhone, programu ya Mail inaweza kuuliza picha iende kwa ukubwa gani. Chagua "Actual Size", yaani ukubwa halisi. Ukichagua ndogo au ya kati, umeipunguza mwenyewe.

4. Kwenye kichwa cha barua andika kazi yenyewe, siyo "picha" tu. Mfano: "Picha 4 za kusafisha, 5 × 7, kopi 2 kila moja".

5. Ndani ya barua eleza saizi, idadi ya kopi, karatasi inayong'aa au isiyong'aa, kama picha ikatwe au iachiwe mpaka mweupe, siku ya kuchukua na namba ya simu.

6. Baada ya kutuma, fungua sehemu ya barua zilizotumwa na uhakikishe viambatisho vipo. Kisha piga simu studio kuuliza kama zimefika. Barua yenye viambatisho vizito inaweza kukwama au kuangukia kwenye taka.

Kama picha ni nyingi na saizi zinatofautiana, badilisha majina ya faili: "01_5x7_kopi2", "02_A4_kopi1". Fundi mwenye kazi thelathini mezani hatakisia.

Barua ikigoma: uzito na viungo

Gmail na Yahoo huruhusu viambatisho hadi MB 25 kwa barua moja. Lakini kuna jambo wengi hawalijui: barua pepe hugeuza faili kuwa herufi ili lisafiri, na kazi hiyo huongeza uzito kwa karibu theluthi moja.

Picha tano za MB 4 ni MB 20 kwenye simu. Zikiwa njiani zinafika kama MB 27. Ndiyo maana barua inaweza kukataa ingawa hesabu ilionekana iko sawa. Dawa ni kugawa: picha tatu kwenye barua ya kwanza, mbili kwenye ya pili. Andika "1 kati ya 2" kwenye kichwa.

Viambatisho vikizidi kiwango, Gmail huvipeleka Google Drive na kutuma kiungo. Hakikisha ruhusa imewekwa ili aliye na kiungo aweze kufungua, la sivyo fundi ataomba ruhusa wakati mwenye picha amelala. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazogawanywa kati ya barua, Drive na picha. Ikijaa, hata barua mpya haziingii.

Kama studio haina imeili, WhatsApp bado inafaa kwa sharti moja: picha itumwe kama hati, siyo kama picha. Gusa kibanio, chagua hati, kisha tafuta faili la picha. Likitumwa hivyo halibanwi. Telegram nayo ina chaguo la kutuma kama faili.

Flashi ni njia nyingine isiyopunguza picha, ila kompyuta zinazochomekwa flashi za watu wengi hubeba virusi. Usiweke humo faili nyingine muhimu.

Faili lisilofunguka

Tangu mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, ambao hutumia nafasi ndogo. Baadhi ya kompyuta na mashine za kuchapa haziufungui. Mfumo unaokubalika karibu kila mahali ni JPEG, uliowekwa kuwa kiwango mwaka 1992.

Kwenye iPhone, nenda kwenye mipangilio, kamera, kisha miundo, na uchague "Most Compatible". Kuanzia hapo picha mpya zitahifadhiwa kwa JPEG. Kwa picha za zamani, mwambie fundi mapema ili ajue kama kompyuta yake inaweza kuzigeuza.

Usiweke picha ndani ya hati ya Word kisha kuituma kwa ajili ya kuchapwa. Word inaweza kuibana, na fundi anapata kazi ya kuichomoa.

Pasipoti saizi: hapa milimita zinahesabiwa

Picha za nyaraka hazina mjadala. Viza ya Schengen inataka milimita 35 kwa 45. Viza ya Marekani inataka mraba wa milimita 51 kwa 51, yaani inchi 2 kwa 2, mandharinyuma meupe au yanayokaribia weupe, iliyopigwa ndani ya miezi sita, bila miwani. Sharti la miwani lilianza Novemba 2016. Kichwa, kuanzia kidevuni hadi utosini, kiwe kati ya milimita 25 na 35.

Kwa fomu ya viza ya Marekani inayojazwa mtandaoni, picha iwe JPEG ya mraba, kati ya pikseli 600 × 600 na 1200 × 1200, na isizidi KB 240. Hapa tatizo ni kinyume cha lile la studio: faili asilia huwa zito mno. Kata kwanza mraba, punguza pikseli, ndipo ubane uzito. Usibadilishe sura kwa vichujio vya urembo, maana picha inaweza kukataliwa.

Kwenye karatasi, picha ya 35 × 45 kwa DPI 300 ni pikseli 413 × 531. Karatasi moja ya 4 × 6 huingia nane za saizi hiyo. Ni nafuu kuzipanga hivyo kuliko kuchapa moja moja.

Angalizo kubwa: wakati wa kuprinti, ukubwa uwe asilimia 100. Kompyuta ikiruhusiwa kuitosheleza picha kwenye ukurasa, milimita 35 zinaweza kuwa 33. Picha ikitoka, ipime kwa rula kabla ya kulipa.

Picha ya karatasi iliyobaki moja

Kuna picha ambazo hazijawahi kuwa kwenye simu: bibi na babu, darasa la miaka ya 1970, baba akiwa kijana. Ili kuzikuza, njia bora ni kuziskani, siyo kuzipiga picha kwa simu juu ya meza.

Picha ya 3.5 × 5 ikiskaniwa kwa DPI 600 inatoa pikseli 2100 × 3000, ambazo zinatosha A4 kwa zaidi ya 250 kwa inchi. Picha ndogo ya pasipoti iskaniwe kwa DPI 1200. Waambie steshenari namba hiyo mapema, kwa sababu mashine nyingi huwekwa 200 au 300 kwa ajili ya vyeti. Omba JPEG yenye ubora wa juu, siyo PDF.

Kama hakuna skana, itoe picha kwenye fremu ya kioo, iweke kwenye mwanga wa dirishani usio wa jua kali, zima flashi ya kamera na uipige ukiwa juu yake moja kwa moja. Kisha itume kama hati au kwa imeili.

Picha inabeba siri

Faili asilia hubeba taarifa zaidi ya sura: tarehe, aina ya simu, na mara nyingine mahali hasa ilipopigwa. Picha ya mtoto iliyopigwa nyumbani inaweza kuonyesha nyumba ilipo kwenye ramani. Kwenye iPhone, kabla ya kutuma, gusa chaguo la juu la kushiriki na uzime mahali. Kwenye simu za Android, zima kuhifadhi mahali ndani ya mipangilio ya kamera.

Baada ya kazi, mwombe fundi afute picha kwenye kompyuta, hasa za watoto, vitambulisho na hati za kusafiria. Ukitumia kompyuta ya steshenari au saiba kufungua imeili yako, toka kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Picha ya mteja kubandikwa kwenye tangazo la studio bila ridhaa yake ni jambo analoweza kulihoji.

Kabla ya kulipia kazi kubwa

Kwa A4 na kuendelea, au kopi nyingi za kijitabu, chapa kwanza moja ya 4 × 6 kutoka faili lilelile. Itaonyesha rangi, mwanga na ukataji kwa gharama ndogo. Ukungu hauwezi kupimwa hivyo, maana saizi ndogo huuficha. Kwa ukungu, rudi kwenye hesabu ya pikseli, au mwombe fundi achape kipande cha uso tu kwa ukubwa kamili.

Na kwa wale ambao bado wana muda: tafuta leo picha nzuri ya kila mzee wa familia, ile asilia, ijitumie kwa imeili na uiandikie jina lake. Siku ikihitajika haraka, hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuuliza nani aliipiga.